Lysefjord kwa siku moja: Preikestolen au Flørli?

Uko Stavanger, Norwei, una siku moja tu ya boti na kupanda mlima huko Lysefjord, mkono mwembamba wa bahari unaopita kati ya milima. Uende wapi?

Wengi huenda Preikestolen, jabali bapa lililoinuka mita 604 juu ya maji. Njia ni kama kilomita 8 kwenda na kurudi, na vipandio vyake vya mawe vimejengwa na mafundi wa Kisherpa kutoka Nepal. Saa nne hivi zinatosha. Kero yake ni watu: kiangazi ni msururu.

Flørli, kijiji kidogo kando ya maji hayo, ni habari nyingine. Hakuna barabara inayofika huko, kwa hiyo boti si pambo la safari, ndiyo njia yenyewe. Ukishuka gatini unakutana na ngazi ya mbao yenye vidato 4,444, ikifuata mabomba ya zamani ya umeme wa maji hadi mita 740. Magoti yatakusimulia! Kushuka, pita njia nyingine ya mlimani, msije mkapigana vikumbo na wanaopanda. Na ratiba ya boti ishike kichwani, ikikuacha, umekwama.

Mwenye watoto aende Preikestolen. Mimi ningechagua Flørli, ila si siku ya mvua: mbao zikilowa huteleza.