Formalini ya lita 5 na gliserini kwa viungo vya maabara: uzoefu wangu

Nafundisha bailojia sekondari hapa Tabora na viungo vya kufundishia tunatengeneza wenyewe, moyo wa ng'ombe, figo ya mbuzi, kipande cha pafu, tunavifuata machinjioni alfajiri jua halijavikuta. Nimetumia hivi vitu viwili muda mrefu sasa na kila mwalimu mpya akija anauliza anunue kipi, haya.

Formalini kwa kukakamaza nyama isioze haina mpinzani, hapo sibishani na mtu. Ile ya dukani ina asilimia 37 ya formaldehaidi, gesi kali iliyoyeyushwa kwenye maji, unachanganya sehemu 1 ya dawa na 9 za maji, ndo wanaita formalini ya asilimia 10 ingawa formaldehaidi yenyewe humo ni kama 4 tu. Dawa iwe nyingi, mara 10 ya ujazo wa kiungo au zaidi, sio unabana moyo mzima kwenye kikopo afu unalalamika umeoza. Inapenya taratibu mno, kwahiyo figo ipasue kwa urefu kabla hujaitumbukiza, la sivyo nje inakakamaa ndani bado mbichi. Moyo toa mabonge ya damu ujaze pamba vyumba vyake usinywee. Pafu litaelea, lifunike na pamba iliyolowa dawa hiyohiyo.

Kero sasa. Macho yanawaka darasa zima, barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, na IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, tangu 2004 wameiweka kundi la 1, vile vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Glavu na madirisha wazi sio mapambo. Mifuniko ya chuma inaliwa na kutu, tumieni chupa za asali za kioo (Tabora hatuzikosi) ila mfuniko uwe wa plastiki. Kuna muuzaji aliniletea galoni lenye unga mweupe chini, hiyo imeshaanza kugeuka paraformaldehaidi, nguvu imepungua, na kubadilisha akagoma. Angalieni mwangani kabla ya kulipa.

Gliserini ndo imenifurahisha. Kiungo kikishakakamaa unakiosha kwa maji siku kadhaa ukibadilisha maji, afu unakihamishia humo. Hakichomi macho, hakikauki, na kinabaki laini kidogo, zile kamba nyeupe zinazoshika vali za moyo mwanafunzi anazivuta kwa kidole zinakuja na vali yake, somo limeisha hapo. Ubaya bei, na mikono inanata balaa. Halafu zile za maduka ya vipodozi soma lebo, nyingine zimechanganywa maji na manukato.

Kuna plastinesheni pia, njia nyingine ya kuhifadhi viungo, aliibuni Gunther von Hagens kule Heidelberg 1977, maji yanatolewa kwa asetoni ya baridi kali afu silikoni inaingizwa kwa vakyumu, kiungo kinakua kikavu hakinuki kabisa. Ila friza ya nyuzi 25 chini ya sifuri kwa shule yetu, na umeme huu? Tuache.

Formalini nyota 3, gliserini 4 na nusu. Hela ya kimoja tu, chukua formalini, maana gliserini bila kukakamaza kwanza haikusaidii kitu, na mabaki ya dawa msimwage kwenye sinki wala choo cha shule, kusanyeni kwenye dumu lenye lebo muwapelekee hospitali watu wa taka hatarishi.