Diski za kurejesha Windows: ya pili ndiyo iliyonitoa jasho

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro: kuchapa barua, fotokopi, picha za pasipoti. Kompyuta mpakato ya kazi aliniletea kaka yangu kutoka Uingereza, ina Windows 7 halali, na stika yenye herufi na namba 25 za kuthibitisha uhalali huo imebandikwa chini. Mwaka wa tatu diski kuu ikafa. Kumbe ile sehemu ya kurejesha mfumo ambayo watengenezaji huificha imo ndani ya diski hiyohiyo, kwa hiyo vikazikwa pamoja. Mashine ilinikumbusha mara nyingi nichome DVD za akiba. Kila mara nikabonyeza "baadaye".

Fundi aliponifungia diski mpya akasema, "Dada, nikuwekee Windows yangu, nusu saa unaondoka." Nikakataa. Yangu imelipiwa, ya wizi ya nini?

Nikawaandikia watengenezaji wa kompyuta, nikaomba diski za kurejesha Windows yangu. Wakajibu kwamba mashine iliuzwa Uingereza, basi diski zinatumwa Uingereza tu. Kaka akalipa pauni 35, akampa mtu anayekuja Dar. Wiki tatu hizo. Nikafungua bahasha: DVD tatu.

Ya kwanza ikapita. Ya pili ikafika asilimia 61 ikaganda, yakatokea maandishi kwamba faili imeharibika. Nikaifuta kwa kitambaa laini nikarudia. 61. Nikasubiri usiku, umeme umetulia. 61.

Huduma kwa wateja wana adabu, siwasingizii. Ila kila barua ilijibiwa na mtu mwingine aliyeanzia mwanzo: umejaribu kuzima na kuwasha? Walipojua diski kuu si ile iliyotoka kiwandani, wakaing'ang'ania hiyo. Fundi akaipima, nzima. Baada ya kusukumana sana wakatuma seti nyingine, kwa njia ileile ya kaka na msafiri. Ikaganda 61.

Hapo nikaacha kubishana, nikaanza kuchunguza. Niligeuza DVD nikakuta tumbo lake ni la zambarau. Diski zilizopigwa chapa kiwandani huwa na rangi ya fedha. Hizi zilichomwa kwenye kompyuta, kama ninavyowachomea watu video za harusi. Nikanakili ya pili yote kwenye kompyuta ya jirani, ikaisha bila kukwama hata mara moja. Basi haikuwa na mkwaruzo. Kibovu ni kilichoandikwa ndani. Mfumo ule umekatwa vipande vinavyokaribiana ukubwa, na cha mwisho pekee ndicho hutarajiwa kuwa kidogo. Mimi nilikuwa na kimoja cha katikati ambacho hakifiki hata robo ya wenzake, na katika seti zote mbili ni kilekile. Walikuwa wanachoma kutoka nakala mama iliyoharibika. Sijui wateja wangapi waliambiwa wazime na kuwasha.

Nikapiga picha za skrini, nikaandika mistari minne tu, nikaambatisha. Kesho yake nikajibiwa na mtu aliyeonekana kuelewa kitu: seti ya tatu inakuja, bure. Hakukiri kosa, wala zile pauni 35 hazikurudi.

Seti ya tatu ilimaliza kazi kwa dakika 50 hivi. Namba 25 nilizozilinda kama hati ya kiwanja sikuulizwa hata moja, kwa kuwa diski za watengenezaji huitambua mashine kupitia ubao mama wake, yaani ule ubao mkuu wa ndani unaounganisha vifaa vyote.

Mashine naipa nyota nne. Huduma, mbili, na ya pili ni ya yule wa mwisho aliyesoma barua hadi chini. Ukinunua diski kama hizi, zinakili kwenye kompyuta nyingine siku hiyohiyo na uangalie ukubwa wa faili kabla hujafuta chochote.

Zangu nimezitolea nakala, ziko kwenye kopo la stakabadhi. Fundi alikuja kuziazima wiki iliyopita. Zikamgomea, kompyuta ya mteja wake ni ya aina nyingine.