Uzoefu wangu wa kusoma shahada ya huduma za jamii mtandaoni nikiwa mtu mzima

Nilianza masomo Agosti 2020 nikiwa na miaka 41, mama wa watoto watatu, mfanyakazi wa zamu ya usiku katika nyumba ya matunzo ya watu wazima wenye ulemavu wa akili hapa Columbus, Ohio. Nilimaliza Desemba 2024. Shahada yenyewe ni ya kwanza, ya huduma za jamii, ile ambayo Wamarekani huiita Human Services, na niliisoma yote mtandaoni isipokuwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo katika shirika. Jina la chuo sitalitaja, kwa kuwa mengi yaliyonipendeza na yaliyonikera hutokea katika vyuo vingi vinavyotoa masomo haya, na msomaji atafaidika zaidi akijua la kuuliza kabla ya kujiandikisha.

Nianze na jambo ambalo natamani mtu angenieleza siku ile ya kwanza. Mtanzania akisikia kazi ya kusaidia watu wenye shida, moja kwa moja humfikiria afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, aliyesoma labda pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, iliyoanzishwa mwaka 1973. Huku Marekani kuna njia mbili zinazokaribiana sana kwa maneno na kutofautiana sana kwa sheria. Njia ya kwanza ni social work, ambayo shahada zake hupewa ithibati na Council on Social Work Education (CSWE), na ithibati hiyo ndiyo mlango wa kawaida wa kupata leseni ya jimbo. Njia ya pili ni human services, ambayo ina baraza lake la viwango, Council for Standards in Human Service Education, lililoanza mwaka 1979, na cheti chake cha kitaaluma kiitwacho HS-BCP. Shahada hii ya pili inakupeleka kwenye kazi za usimamizi wa mashauri (case management, yaani kumfuatilia mteja mmoja mmoja apate huduma anazohitaji), kuhudumia wakimbizi, makazi ya wasio na nyumba, vituo vya wazee na nyumba kama ile niliyokuwa nikifanyia kazi. Haikupi njia ya leseni ya social work.

Nilipopiga simu kuulizia udahili, nilimuuliza yule mshauri waziwazi kama nikimaliza nitaweza kuwa na leseni hiyo, naye akanijibu bila kusita kwamba ni kitu kilekile, tofauti ni jina tu. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa mpole na kwa sababu nilikuwa natamani kuamini. Ukweli niliupata mwaka wa tatu kutoka kwa mhadhiri mmoja wa somo la sera za jamii, ambaye aliniandikia barua pepe ndefu yenye subira, akinieleza kwamba mwenye shahada ya kwanza ya social work anaweza kupunguziwa muda wa shahada ya uzamili, lakini mwenye shahada yangu huanza mwanzo kabisa. Nilikuwa nimebakiza krediti 30, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa hadi shahada itimie. Niliamua kuendelea, na sijutii, ila nilisoma barua ile jikoni saa kumi na moja alfajiri, bado nikiwa na sare ya kazini, na nilikaa pale muda mrefu.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Shahada ya kwanza hapa kwa kawaida ni krediti 120. Cheti changu cha ualimu cha nyumbani, baada ya kutafsiriwa na kutathminiwa, kilinipunguzia krediti 24, nami nikalipia 96 kwa dola 340 kila moja. Nilijaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa fedha za masomo, na hapa wengi wetu hupoteza haki yao kwa kutojua: mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuomba, mkimbizi anaruhusiwa, na aliyefikisha miaka 24 haulizwi kipato cha wazazi wake. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi ukisoma ukatimiza masharti, kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2023–24 kilikuwa dola 7,395. Mimi sikufikia kiwango hicho hata mara moja kwa sababu ya kipato cha mume wangu, lakini ruzuku pamoja na dola 1,500 ambazo mwajiri wangu alinirudishia kila mwaka nilipofaulu viliniacha na mkopo usiozidi dola 9,000.

Masomo yalikwenda kwa awamu za wiki nane nane, masomo mawili kwa wakati mmoja. Jumatano unaweka hoja yako kwenye mjadala, kabla ya Jumapili saa tano na dakika 59 usiku unajibu hoja za wenzako wawili na kuwasilisha insha. Kazini, baada ya wakazi kulala na nguo kuingia kwenye mashine ya kukaushia, nilikuwa na kama saa mbili na nusu za utulivu ambazo msimamizi wangu aliniruhusu nisome, na karibu shahada yote niliisoma hapo, kompyuta mpakato ikiwa juu ya meza ya kulia chakula na masikio yakiwa kwenye korido. Kiingereza cha kuzungumza nilikuwa nacho. Kiingereza cha insha, chenye marejeo ya mtindo wa APA toleo la saba, kilinitesa mwaka mzima, kwani nilikuwa naandika kama tulivyofundishwa kuandika Kiswahili, nikizunguka jambo kwa heshima kabla ya kulifikia, na wahadhiri walitaka hoja ikae sentensi ya kwanza. Kituo cha uandishi cha chuo kilikuwa bure na kilifunguliwa hadi usiku, na kwa hilo nakisifu chuo kwa moyo wote, kwa sababu mwalimu yuleyule alinisomea kazi zangu kwa miezi kumi na nne na kunirudishia zikiwa na maelezo, bila kuniandikia hata mstari mmoja.

Maudhui ya masomo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Tulisoma nadharia ya Bronfenbrenner ya mwaka 1979, inayomweka mtoto katikati ya duara za familia, shule, ujirani na sera za nchi, na kwa mtu aliyekulia Muheza, ambako mtoto alikuwa wa mtaa mzima, sikuhitaji kushawishiwa. Tulisoma pia utafiti wa mwaka 1998 kuhusu machungu ya utotoni na afya ya utu uzima, uliofanywa kwa wateja wa Kaiser Permanente, shirika la bima na huduma za afya, kule San Diego. Niliandika kwenye mjadala kwamba maswali ya utafiti ule yanauliza yaliyotokea ndani ya nyumba, na hayaulizi kuhusu vita wala kukimbia nchi, ilhali watu ninaoabudu nao kila Jumapili wametoka Kivu wakiwa wamebeba watoto mgongoni. Mhadhiri hakunipa alama na kupita. Alinitumia makala mbili, akaniomba niongoze mjadala wa wiki iliyofuata. Katika darasa la watu 22 ambao sikuwahi kuonana nao uso kwa uso, nilijiona nina kitu cha kuchangia.

Lakini somo lililonibadilisha ni la mbinu za mahojiano. Kila mwanafunzi alitakiwa kurekodi mazungumzo ya dakika 15 kwa video na mwenzake aliyejifanya mteja. Mwenzangu alikuwa Arizona, akaigiza mama ambaye mumewe amefukuzwa kazi na kodi ya nyumba imepita. Nilidhani nimefanya vizuri sana. Maoni ya mhadhiri yalikuja yamepangwa kwa dakika na sekunde, na moja lilisema hivi: kwenye dakika ya pili na sekunde 40 mteja ameanza kulia, na kwenye sekunde ya 43 wewe umeanza kumshauri.

Niliumia. Nyumbani kwetu mtu akilia mbele yako humwachi hivihivi. Unamwambia pole, unamwambia ajikaze, unamtajia jirani aliyepatwa na kubwa zaidi na leo anatembea kifua mbele. Huo ndio utu niliofundishwa na shangazi zangu. Nilifungua video nikaitazama bila sauti, na bila sauti niliona nisichokisikia: yule mama wa kuigiza alikuwa amefungua mdomo aseme kitu, mimi nikainua mkono na kuanza kuongea, naye akaufunga. Nilirudia sehemu ile mara tano au sita. Katika rekodi ya pili nilihesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno, na ilikuwa kazi ngumu kuliko insha yoyote.

Faida ya zile hesabu niliiona kwenye fildi. Baraza la viwango linataka saa zisizopungua 350 za kazi halisi kwa shahada ya kwanza, na zangu nilizifanya katika shirika linalopokea wakimbizi. Siku moja alikuja mama wa Kikongo, ambaye mambo yake kadhaa nimeyabadilisha hapa ili asitambulike, akaweka bahasha mezani na kuniuliza, “Mama, hii barua iko inasema nini?” Ilikuwa barua ya kumjulisha kwamba msaada wa chakula, SNAP, utakatwa kwa sababu fomu ya kuthibitisha upya haikurudishwa. Nilimweleza, nikamwambia fomu tunaweza kuijaza palepale. Akaitikia kwa kichwa lakini hakuinuka. Nilitaka kumwambia asiwe na wasiwasi. Nikanyamaza, nikahesabu. Alikuwa akikunja kona ya bahasha na kuikunjua, akikunja na kuikunjua, hadi hatimaye akaniuliza kwa sauti ya chini kama baada ya chakula watakuja kuchukua watoto. Alikuwa amekaa na barua ile siku tisa akiamini hivyo, kwa sababu kwenye maelekezo ya siku za mwanzo aliambiwa kwamba serikali ya hapa huchukua watoto wa mzazi asiyewalisha. Kama ningemtuliza haraka angeniambia asante, angeondoka na fomu iliyojazwa, na usiku asingelala.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa elimu hii, na ndiyo maana kasoro ya chuo katika suala la fildi inaniuma zaidi. Kwenye tovuti yao walikuwa wameandika kwamba wanafunzi husaidiwa kupata mahali. Nilipofika wakati huo, msaada ulikuwa orodha ya mashirika yenye namba za simu, nyingine zikiwa hazifanyi kazi, na onyo kwamba nisipopata mahali ndani ya wiki sita nitasubiri awamu mbili. Mshauri wangu wa masomo alikuwa ameondoka, aliyemfuata alikaa miezi minne, na wa tatu hakujua kwamba nafanya kazi usiku. Nilipiga simu 31. Mashirika mengi yalikubali mwanafunzi lakini yalikuwa na mkataba na vyuo vya hapa mjini tu. Mwisho nilipata nafasi kupitia mkalimani mmoja wa kanisani kwetu. Mwenzangu mmoja wa darasa, mwanamke mwenye bidii kunishinda, alikosa, akasimama mwaka mzima, na sijui kama alirudi. Kumchukulia mtu mzima ada ya miaka mitatu kisha kumwacha atafute mwenyewe sharti la lazima la shahada si haki, na nimewaandikia hivyo katika tathmini ya kuhitimu.

Ubora wa ufundishaji ningeupa nyota tano bila kusita. Huduma za kiofisi ningezipa mbili, na ukweli wa taarifa za udahili moja. Kama una kazi ya matunzo tayari na unataka kupanda hadi usimamizi wa mashauri bila kuacha mshahara, shahada hii inafaa, na mtu anayesoma usiku anaiweza. Kama lengo lako ni leseni, tafuta shahada ya social work yenye ithibati ya CSWE, ambazo nazo zipo za mtandaoni, na ujue fildi yake ni saa 400 au zaidi. Majibu ya simu usiyategemee. Omba waandike kwa barua pepe: shahada hii inaniruhusu kuomba leseni gani katika jimbo langu, na nani ana wajibu wa kunitafutia fildi.

Tangu Februari 2025 ni msimamizi wa mashauri katika shirika dogo, mchana, na watoto wangu wananiona chakula cha jioni. Nimekubaliwa pia kuanza shahada ya uzamili ya social work, ile ndefu, yenye fildi ya saa zisizopungua 900. Kabla ya kulipa nilituma yale maswali mawili. Jibu lilichukua siku nne, lilikuja na orodha ya mashirika saba ya Columbus yenye mkataba na chuo, na mawili kati yao yanapokea wanafunzi jioni.