Lenzi za MiYOSMART kwa watoto wasioona mbali: nzuri, fundi akipima sawasawa

Mtoto ambaye baba na mama wote hawaoni mbali yumo hatarini kuliko wenzake. Si jeni moja inayoleta hali hiyo; sehemu zaidi ya 400 za vinasaba zimehusishwa nayo, kila moja ikichangia kidogo. Hizo hazibadilishiki. Kinachoweza kupunguzwa ni kasi ya jicho kurefuka, kwani jicho likirefuka ndipo kutoona mbali kunapozidi; na ndiyo kazi ya lenzi hizi za kampuni ya Hoya.

Katikati pana duara safi ya milimita 9.4 yenye namba ya kawaida ya miwani ya mtoto. Kuizunguka kuna vilenzi karibu 400, kila kimoja na kipenyo cha milimita 1 hivi na nguvu ya ziada ya dayopta +3.50 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, ndiyo namba ya miwani). Inamisha lenzi kwenye mwanga utaviona, kama sega la nyuki. Vinakusanya sehemu ya mwanga mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na jicho hupunguza kurefuka. Katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2020, watoto wa miaka 8 hadi 13 waliozivaa miaka 2 namba yao ya kutoona mbali ilipanda dayopta 0.41, ya wenye miwani ya kawaida, 0.85. Tofauti hiyo ni kubwa, ingawa namba iliyokwisha kupanda haishuki.

Zinapoharibika ni kwenye vipimo. Namba ipimwe baada ya matone ya kulegeza misuli ya jicho, la sivyo mtoto hukaza jicho na kupewa namba kubwa kupita kiasi. Fundi apime umbali wa mboni kwa kila jicho peke yake, na kimo chake fremu ikiwa imeshakaa puani. Fremu ikiteleza milimita chache tu, mtoto anatazamia kwenye vilenzi, anaona ukungu, anaanza kuchungulia juu ya miwani. Hapo kinga imekwisha. Chagua fremu yenye vishikizo vya pua vinavyorekebishika, na avae kutwa, hata akisoma. Osha kwa maji na sabuni laini. Pindo la shati huzikwaruza.

Usikimbilie kuzinunua kama namba ya mtoto imefika −6 kabla ya kuanza shule, haoni gizani, au ukoo una watu waliobanduka retina wakiwa wadogo. Huenda chanzo ni jeni moja, kama katika ugonjwa wa kurithi uitwao Stickler. Huyo aanze na uchunguzi wa retina na kipimo cha vinasaba.