Mafundi wa vigae vya bafuni: sakafu safi, ukuta wa dirisha haujanyooka

Bafu tulilokagua ni la chumba cha masta katika nyumba moja ya Tegeta, Dar es Salaam. Lina mita 1.5 kwa 2.4, na kuta zimewekwa vigae mpaka juu, mita 2.4. Kazi imefanywa na fundi mmoja na wasaidizi wawili kwa mkataba wa ufundi tu, vifaa akinunua mwenye nyumba.

Hesabu ya vifaa ilikuwa sahihi. Mzunguko wa kuta ni mita 7.8, ukizidisha kwa 2.4 na kutoa mlango na dirisha, zinabaki mita za mraba 16.8 hivi. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unafika 18.5. Boksi la vigae vya sentimita 30 kwa 60 lenye vipande 8 hufunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo zinahitajika boksi 13. Sakafuni zilienda boksi 3 za vigae vya porselini vya 30 kwa 30, na gundi ya vigae ikawa mifuko 6 ya kilo 20. Fundi alidai boksi zote za aina moja ziwe na namba moja ya toleo. Alikuwa na haki: vigae vya jina moja vilivyotoka matoleo tofauti hupishana rangi, na pengine hata ukubwa kwa milimita nzima, ndipo mistari inapoanza kukimbia.

Sehemu bora ya kazi hii ndiyo isiyoonekana. Plasta iliyolia utupu ilipogongwa ilibomolewa yote. Mteremko wa sakafu, sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, ulitengenezwa kwenye niru, yaani tabaka la saruji la kusawazisha sakafu, kabla ya kigae cha kwanza kulazwa. Anayeutafuta mteremko kwa kuongeza gundi huishia na vigae vinavyokanyagika kama ngazi. Dawa ya kuzuia maji ilipakwa tabaka mbili, kona za sakafu na ukuta zikawekewa kitambaa chake, kwenye ukuta wa bomba la mvua ikapandishwa mpaka mita 1.8 na kuta nyingine sentimita 20. Kisha tundu likazibwa, maji yakajazwa na kuachwa saa 24. Wengi huruka jaribio hili kwa haraka ya kuhamia, na kama bafu liko ghorofani, jibu huja kwenye dari ya aliye chini.

Sakafuni walitumia gundi, si uji wa saruji ambao bado ni mazoea ya mafundi wengi. Porselini hunywa maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, hivyo saruji tupu haina pa kushika. Baada ya muda kigae huinuka kizima, mgongo wake safi kabisa. Gundi ilisambazwa kwa mwiko wa meno ya milimita 8 na kupakwa pia mgongoni mwa kigae. Kimoja kiling'olewa kikiwa bado kibichi ili kukaguliwa: kimeshika pote.

Ukuta wa dirisha ni habari nyingine. Ulikuwa umepinda karibu sentimita moja, na badala ya kuurudia plasta, walijazia kwa matonge matano ya gundi nyuma ya kila kigae. Vigae vinne vinalia utupu ukivigonga. Hapo ndipo kigae kinapopasuka siku ya kutoboa tundu la kuning'iniza taulo, na nyuma yake maji hupata pa kukaa. Vilipaswa kung'olewa kabla ya grauti, yaani kijazio cha mianya kati ya vigae.

Ukataji ni mzuri. Walianzia safu ya pili juu ya ubao ulionyooshwa kwa pima maji, safu ya chini ikakatwa mwisho kufuata mteremko, na hakuna kipande chembamba kuliko nusu ya kigae. Matundu ya bomba ni ya duara, ya kekee ya almasi. Hawakuchonga pembe nne kwa grinda na kutegemea kifuniko kifiche.

Grauti ilisubiri saa 24, ikafutwa kwa sponji yenye unyevu. Hawakutumia asidi, nalo ni jambo la kushukuru kwa sababu asidi hula grauti. Lakini kona nazo zimejazwa grauti, wakati zinataka silikoni: ukuta na sakafu havisogei pamoja, na ufa wa kwanza utatokea hapo. Bado inarekebishika kwa kukwangua grauti hiyo, kuacha pakauke kabisa na kupiga silikoni ya bafuni isiyoota ukungu.

Malipo yao ni kwa mita ya mraba, ila kubomoa, kuzuia maji na kurudia plasta huhesabiwa kando, hivyo bei ya kwanza wanayotaja huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwa sakafu tungewaita tena bila wasiwasi. Kwa kuta, waje baada ya rula ya mita 2 kupitishwa kila upande na plasta kunyooshwa, na malipo ya mwisho yasubiri kila kigae kigongwe kabla ya grauti.