Taa nne za mazabodi: kompyuta mpya ikigoma kuwaka, anzia hapa

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Ngoja nisogeze kamera kwanza. Tazameni kona hii ya mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote vya kompyuta, upande wa kulia, karibu na pale unapoingia ule waya mpana wa pini 24. Mnaziona nukta nne, kila moja ndogo kama punje ya uwele? Pembeni yake kuna maandishi: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Bila tochi huyasomi. Hizo nukta ni taa, na uchambuzi wangu wa leo wote unahusu taa hizo nne, kwa sababu wiki mbili zilizopita ziliokoa pesa ya mtu aliyejinyima mwaka mzima ili apate kompyuta.

Mtu huyo ni mdogo wangu. Anahariri video za harusi, na laptopu aliyokuwa nayo ilikuwa inakesha kutoa video moja. Akawa ananunua vifaa kimoja kimoja kadiri pesa ilivyopatikana: prosesa ya AMD Ryzen 5 7500F, mazabodi yenye chipseti ya B650, RAM ya DDR5 vipande viwili vya gigabaiti 16, na kadi ya grafiki ya mtumba. Siku ya siku ikafika, saa nne usiku akakaza skrubu ya mwisho, akabonyeza swichi. Feni zikazunguka. Taa za mapambo zikawaka. Monita ikabaki nyeusi.

Akanipigia simu: "Kaka, nimeuziwa mazabodi mbovu. Kesho asubuhi niko Kariakoo, nairudisha."

Nikamuuliza, umesubiri muda gani kabla ya kuzima? Akasema nusu dakika. Akawasha tena, nusu dakika, akazima. Amerudia hivyo mara kumi na kitu. Nikamwambia usifungue chochote, na muuzaji wa watu usimpigie, mimi nakuja alfajiri.

Sasa niwaeleze kinachotokea pale ndani, maana ukikielewa hiki hutahangaika. Kompyuta ikipata umeme haiendi moja kwa moja kwenye Windows. Kuna programu ndani ya mazabodi, bayosi, inaita vifaa kwa zamu kama mwalimu anavyoita majina asubuhi. Inaanza na prosesa (taa ya CPU), inakuja RAM (taa ya DRAM), inafuata kadi ya grafiki (taa ya VGA), mwisho diski (taa ya BOOT). Ikifika kwa kifaa, taa yake inawaka. Kifaa kikiitika, taa inazimika na zamu inahamia kwa kinachofuata. Taa ikibaki inawaka, wito umekwama hapo. Ukaguzi wa namna hii ni wa zamani, hata kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa nao, na mambo yakiwa sawa ilitoa mlio mmoja mfupi. Keisi nyingi za leo hazina kispika cha kutoa huo mlio, kazi imehamia kwenye taa. ASUS wanaziita Q-LED, MSI wanaziita EZ Debug LED, ASRock wanaziita Post Status Checker, na Gigabyte wanazo pia. Rangi zinatofautiana, kazi ni ile ile.

Turudi kwa mdogo wangu. Nimefika, nikawasha mashine, nikafungua saa ya kuhesabu kwenye simu. Taa ya CPU ikawaka, ikazimika. Ya DRAM ikawaka. Ikatulia hapo. Dakika moja, mbili, tatu. Namwona mwenzangu mkono unaelekea kwenye swichi, namshika. Dakika ya tano na ushei, taa ya DRAM ikazimika yenyewe.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, naomba mnisikilize vizuri. Soketi ya mazabodi hii, yaani pale inapokaa prosesa, ni ya aina ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, nayo inatumia DDR5 peke yake. DDR5 inakwenda kasi sana, kiasi kwamba tofauti ndogo mno ya muda kati ya mstari mmoja wa data na mwingine inatosha kuharibu ujumbe. Kwa hiyo siku ya kwanza prosesa na RAM zinapokutana, lazima zizoeane. Prosesa inaandika data, inaisoma tena, inalinganisha, inarekebisha muda, inajaribu upya, mstari kwa mstari. Kazi hiyo inachukua dakika kadhaa, skrini ikiwa nyeusi muda wote huo, na RAM ikiwa kubwa muda unaongezeka. Ukizima katikati, umeifuta. Ukiwasha, inaanza mwanzo. Mdogo wangu alikuwa anaikatiza kazi ile ile usiku kucha, halafu anahesabu kila mara kama ushahidi kwamba kifaa ni kibovu.

Mimi nimejiwekea dakika 15 za saa, si za kukisia. Kabla hazijaisha sigusi kitu. Na kama mtaa wako umeme unakatika ovyo, fanya siku ya kwanza saa ambazo kwa kawaida umeme umetulia, au unganisha kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika wakati wa kuzoeana hakuna kinachoharibika, unasubiri tu upya. Ukikatika wakati unaboresha bayosi, hapo unaweza kupoteza mazabodi.

Basi, DRAM imezimika. VGA ikawaka, ikazimika. BOOT ikawaka na kubaki. Skrini bado nyeusi! Mdogo wangu amekata tamaa kabisa, lakini mimi hapo moyo wangu ulitulia, kwa sababu taa zimeshaniambia prosesa nzima, RAM nzima, kadi imeitika. BOOT imebaki kwa kuwa diski ni mpya na haina Windows, ndivyo inavyotakiwa. Kilichobaki kiko nje ya mashine. Nikazunguka nyuma ya keisi, nikaikuta HDMI imechomekwa juu, kwenye tundu la mazabodi. Herufi F kwenye 7500F maana yake prosesa haina grafiki ndani yake, ni sawa na Intel zenye F kama Core i5-12400F. Tundu lile lipo lakini hakuna wa kulipatia picha. Nikaihamisha HDMI chini kwenye kadi, bayosi ikatokea. Mtu mzima aliketi sakafuni akashika kichwa.

Fikiria angekwenda Kariakoo asubuhi ile. Angegombana na muuzaji ambaye hana kosa. Tena kurudisha mazabodi maana yake ni kutoa prosesa, na kwenye AM5 pini 1718 ziko upande wa mazabodi, nyembamba kuliko sindano. Ukidondosha prosesa pale au ukaiburuta kidogo, zinapinda, na hapo ndipo kifaa kizima kinakuwa kibovu kweli. Hili linaniuma, kwa sababu vifaa vingi vinavyofika kwa mafundi vikiwa na pini zilizopinda vilikuwa vizima vilipotoka dukani.

Sasa taa ikigoma kweli kuzimika, baada ya dakika 15.

Ikibaki ya CPU, usikimbilie kuilaumu prosesa. Tazama kona ya juu kushoto ya mazabodi, kuna soketi ya pini 8 ya umeme wa prosesa. Huo waya wengi wanausahau kwa sababu uko kwenye kona yenye giza, nyuma ya kipoza. Wengine wanauchomeka lakini wanachukua wa kadi ya grafiki. Nyaya hizi mbili zinafanana ukiziangalia kwa haraka. Wa prosesa unagawanyika nne kwa nne, wa kadi unagawanyika sita kwa mbili. Usilazimishe. Waya ulio wake unaingia na kibanio kinalia. Sababu nyingine ya taa hii ni bayosi ya zamani isiyoitambua prosesa mpya, na mazabodi nyingi za sasa zina kitufe nyuma cha kuboresha bayosi kwa flashi, hata bila prosesa kuwepo. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32, na jina la faili liandikwe kama kitabu cha mazabodi kinavyosema, herufi kwa herufi.

Ikibaki ya DRAM, zima, chomoa umeme, toa RAM zote mbili, rudisha moja tu. Kwenye mazabodi ya sloti nne, iweke ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Bonyeza kwa dole gumba ncha zote mbili mpaka usikie inalia. Mazabodi itajikunja kidogo, usiogope, lakini hakikisha imekaa juu ya vinguzo vyake vya shaba, vile vinavyoiinua isiguse bati la keisi. Ikiwaka na moja, ongeza ya pili kwenye sloti ya nne. Ya kwanza na ya tatu ziache wazi. Na msijaze sloti zote nne kwa sababu tu zipo. Prosesa hizi za Ryzen 7000, AMD wenyewe wanaziandikia kasi ya 5200 kwa vipande viwili, na 3600 kwa vinne. Ukitaka gigabaiti 64, nunua vipande viwili vya 32.

VGA ni fupi: kadi itolewe, irudishwe mpaka kibanio cha sloti kifunge, na waya wake wa umeme utoke kwenye pawa saplai. BOOT nimeshaisema.

Kuna hali nyingine ambayo taa haziwezi kukusaidia, nayo ni mashine isiyowaka kabisa, au inayozungusha feni sekunde moja na kuzima. Isiyowaka kabisa, anza na swichi ya nyuma ya pawa saplai, halafu kile kiwaya chembamba cha swichi ya mbele ya keisi. Kichomoe, chukua bisibisi, gusisha zile pini mbili za swichi kwa pamoja mara moja. Ikiwaka, swichi ya keisi ndiyo yenye hitilafu. Ile inayowaka na kuzima papo hapo, mimi naishuku shoti: skrubu iliyodondoka nyuma ya mazabodi, au kinguzo kimoja cha shaba kilichowekwa mahali ambapo mazabodi haina tundu. Toa mazabodi nje, ilaze juu ya boksi lake la karatasi, iwashe hapo ikiwa na prosesa, kipoza na RAM moja. Ikiwaka juu ya boksi, keisi ndiyo iliyokuwa inaipiga shoti.

Haya, hukumu yangu kuhusu taa zenyewe. Nazipenda, na kuanzia sasa siwezi kumshauri mtu anayeunganisha kompyuta kwa mara ya kwanza anunue mazabodi isiyo nazo, hata kama ni nafuu zaidi. Baadhi ya mazabodi za bei ya chini kabisa hazina, kwa hiyo angalia picha ya mazabodi kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kutoa pesa, tafuta yale maandishi manne. Ukitakiwa kuchagua kati ya taa za mapambo zinazobadilika rangi na hizi nukta nne, chukua nukta.

Lakini kasoro zipo. Kwanza zinakuambia wito umekwama wapi, hazikuambii kwa nini. Nimeshaona taa ya DRAM ikibaki kumbe kipoza kimekazwa upande mmoja kuliko mwingine, prosesa haijakaa sawasawa. Pili, haziwezi kutofautisha RAM inayozoeana na RAM iliyokufa. Kwa macho ya mgeni zote ni taa moja iliyoganda, na suala hili la kusubiri lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya juu kabisa ya boksi. Mazabodi za bei kubwa zina kidirisha cha tarakimu mbili, namba zinabadilika badilika kazi inapoendelea, hivyo unaona kwamba kuna uhai. Hicho ni bora, ila sioni haki mtu alipie pengo kubwa la bei kwa sababu hiyo peke yake.

Kuna na vile vikadi vya kupima vinavyouzwa kwa bei rahisi mitandaoni. Vingi vimetengenezwa kwa sloti ya PCI ya zamani, ambayo mazabodi za sasa hazina, kwa hiyo msivinunue kwa mashine mpya. Kile kispika kidogo cha waya mbili kinachochomekwa kwenye mazabodi nakipendekeza, kama yako ina pini zake. Milio yake mtaitafsiri kwa kitabu cha mazabodi yenu, msichukue maelezo ya mazabodi ya jirani.

Mwisho kuhusu mashine ya mdogo wangu. Kwenye bayosi RAM yake ilikuwa inakwenda kasi ya 4800, wakati boksi limeandikwa 6000. Hiyo ni kawaida. Tukawasha EXPO, mpangilio wa bayosi unaoipandisha RAM hadi kasi iliyoandikwa kwenye boksi, tukahifadhi, ikajizima na kuwaka, na taa ya DRAM ikashika tena. Safari hii hakuigusa swichi. Alivuta kiti, akaweka simu yake mezani na kuanza kuhesabu. Ilipita. Kama isingepita, tungechomoa umeme, tukatoa ile betri ya CR2032 kwa dakika tano, bayosi irudi ilivyotoka kiwandani.

Yeyote ambaye mashine yake imekwama saa hii, nipigieni picha ya kona hii, taa ikiwa inawaka, mniandikie imewaka kwa dakika ngapi na ni prosesa gani. Nitakaa jioni nijibu mmoja mmoja.