Kifaa cha kusisimua ubongo kwa umeme: vipindi kumi nyumbani, Ngamiani

Mdogo wangu ni fundi seremala hapa Ngamiani, Tanga. Tangu alipoanguka na bodaboda akaumia kichwa, yapata miezi kumi na sita sasa, viungo vyake vimepona vizuri, lakini majina ya vitu humponyoka. Husimama mbele ya meza ya kazi, akamnyooshea mkono mwanagenzi wake na kusema, "Nipe nanihii, ile ya kulainishia ubao," huku kiganja kimeshajikunja kana kwamba kinaishika randa. Ukimwanzia "ra...", hulimalizia mwenyewe papo hapo, maana jina hajalisahau, ila kulifikia ndiyo shida.

Kwa ajili hiyo niliagiza kutoka nje kifaa cha kusisimua ubongo kwa umeme, ambacho pamoja na ushuru wa forodha kilinigharimu shilingi laki tisa. Ndani ya boksi mlikuwa na mashine ndogo inayoenea kiganjani, nyaya mbili, elektrodi mbili zenye sifongo, yaani vipande vinavyogusishwa kichwani kupitisha umeme, na mkanda wa mpira. Mama aliposikia habari ya umeme alisema, "Mwanangu, usije ukampiga shoti mwenzio." Nilimweleza kwamba mkondo wake ni miliampea 1 hadi 2 tu, na kwamba hauzilazimishi seli za ubongo kutoa ishara, bali huzifanya ziwe nyepesi zaidi kuitikia, jambo ambalo Nitsche na Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walilionyesha mwaka 2000 katika sehemu ya ubongo inayoendesha misuli. Ndiyo sababu watafiti wengi huuambatanisha na mazoezi ya kutaja maneno badala ya kumlaza mgonjwa akitazama dari.

Kasoro kubwa niliikuta kwenye tangazo lenyewe. Muuzaji anajinadi kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Dallas, ambao watu wachache walioumia ubongo walipewa miliampea 1 kwa dakika 20, vipindi 10, wakaongeza uwezo wao wa kutafuta maneno. Asichokisema ni kwamba utafiti huo ulitumia elektrodi ndogo kadhaa, zilizopangwa kulenga sehemu ya mbele ya ubongo iliyo juu, katikati, ilhali kifaa chake kina sifongo mbili pana na mkanda ulioshonwa kufuata paji la uso. Kila tulipoipandisha sifongo juu kidogo, mkanda uliteleza, taa nyekundu ikawaka na mashine ikajizima, hadi mke wake alipoleta leso akaufunga kama kilemba. Baada ya hapo kilifanya kazi bila taabu: kilimwasha ngozi kwa dakika chache za mwanzo, kikamwachia wekundu uliotoweka kabla ya chakula cha jioni. Sifongo zilowekwe maji ya chumvi ya dukani ya gramu 9 kwa lita. Jirani alishauri tuchote maji ya bahari kule Raskazone, nami nikamjibu kwamba bahari ina chumvi karibu mara nne ya hiyo, na mchanga juu yake.

Programu ya simu inayokuja na kifaa haikutufaa hata kidogo. Inamtaka mgonjwa ataje picha za theluji na kuchakulo, kisha maneno yanayoanza na herufi F, A na S, kipimo kilichotungwa kwa ajili ya Kiingereza. Kwa Kiswahili, chenye ngeli zake, herufi M au K peke yake ingemaliza saa nzima. Tuliiacha, nikapiga picha za vitu vyetu: patasi, timazi, msumeno, mbuzi ya kukunia nazi, dema, ungo. Hizo ndizo alizozitaja kwa dakika 20 za kila kipindi.

Kabla ya kuanza aliweza kutaja wanyama tisa kwa dakika moja, na baada ya kipindi cha kumi akataja kumi na watatu. Siwezi kusema ongezeko hilo limeletwa na umeme, kwa kuwa picha peke yake zingeweza kumsaidia, na nyumbani hatukuwa na mtu wa kulinganisha naye, aliyevishwa kifaa kisichopitisha mkondo, kama watafiti wanavyofanya.

Daktari wake aliruhusu baada ya kuhakikisha kwamba fuvu halina tundu wala bamba la chuma na kwamba hajapata kifafa tangu ajali. Kijitabu cha maelekezo kimeyagusia hayo kwa mstari mmoja wa maandishi madogo, ukurasa wa mwisho, na kwa kosa hilo pekee nakipunguzia nyota. Nakipa mbili kati ya tano. Anayetaka kununua amuulize kwanza muuzaji kama mkanda unafika utosini na kama sifongo za akiba zinauzwa peke yake, maana zetu zilianza kuchanika kwenye kipindi cha nane.